Kitanzi cha Bega la Kushoto

Msiniulize nilipanda nini kufika Chembeni, wala nililala wapi njiani. Safari ni safari, miguu inauma na maji yanaisha. Mimi nimekaa mahakamani muda mrefu nikiwa karani, kazi yangu kuandika maneno ya watu kama yalivyotoka vinywani mwao, na mazoea hayo hayajanitoka. Nitaeleza mambo ya nchi ile kama nilivyoyaona, na pale nilipokasirika nitasema nilikasirika. Atakayedhani nimetunga, na adhani.

Chembeni ni nchi ndogo iliyozungushiwa ukuta laini wenye malango mengi. Nilifika kwenye lango mojawapo asubuhi, nikamkuta mlinzi mnene mwenye adabu zake, jina lake Shaame, anakunywa uji. Aliweka bakuli chini, akaanza kunihoji. Nimetoka wapi, nimemjia nani, nimebeba nini, na kwa nini mkoba wangu una mifuko miwili ya ndani badala ya mmoja. Jua lilikuwa linanichoma utosini. Nikiwa katikati ya kujibu habari za mkoba, lilipita kundi la watu kando yangu kabisa, wamejitwika vikapu vya duara vyenye vifuniko, wakiingia mjini kinyumenyume. Visogo vyao vilielekea mjini, nyuso zao zilitazama nje walikotoka. Shaame akawapungia mkono.

"Haya, nendeni salama," aliwaambia. "Mtusalimie huko."

Nikamuuliza kwa nini anawaaga watu wanaoingia.

"Mama, anayeingia anatazama ndani," alinijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mtu asiyejua choo kilipo. "Hawa wanatazama nje. Anayetazama nje anatoka."

"Lakini wameshaingia. Wale pale, wako sokoni."

"Basi watakuwa wamechelewa kutoka. Msongamano huo. Sasa, tulikuwa kwenye mfuko wa pili."

Watu wale wanaitwa Wakinyume, na nitawarudia. Kwanza niseme kwamba sheria ya Chembeni inamtaka mgeni anayeingia kwa uso aongozane na mlinzi mpaka siku atakayoondoka. Kwa kuwa nilikuwa nimeingia kwa uso, Shaame alimaliza uji wake, akawaachia wenzake lango, akawa mwenyeji wangu. Nilimpenda, ingawa kuna nyakati nilitamani kumtikisa.

Alinipeleka kwanza kwenye ukumbi ulio katikati ya mji, ambako umetandazwa Mkeka. Huo ndio sheria yao na kumbukumbu yao. Umeshonwa kwa kili zisizohesabika, yaani mikanda ya kusukwa, na kila ukili umesukwa kwa kindu, majani makavu ya mkindu, yenye rangi nne tu, na mpangilio wa rangi hizo ndio unaosema kitu fulani kifanyweje. Watu wa Chembeni hawazaliwi. Akihitajika fundi, tarishi huingia ukumbini, husuka nakala ya ukili wa fundi, huipeleka karakana, na wasomaji wa huko hupitisha vidole juu yake, rangi baada ya rangi, wakitengeneza wanachoamriwa. Mtu hutoka karakana akiwa mzima na mavazi yake ya kazi mwilini. Shaame alitoka na kofia yake kichwani, na hajawahi kuivua.

Wakichakaa je? Hapo ndipo palipo na utepe. Kila vazi la Chembeni lina kitanzi begani. Aliyechakaa au kuharibika hufungwa utepe wa manjano kwenye kitanzi hicho, na akishaonekana nao, wabebaji humchukua wakampeleka kwenye Kinu. Anatwangwa, na unga wake unarudi karakana kutengenezewa wengine. Niliposhtuka, Shaame alinishangaa.

"Kwani kwenu watu wakiisha mnawafanya nini?"

Nikamweleza tunavyofanya. Alitikisa kichwa akasema kwa heshima zote kwamba huko ni kuharibu mali.

"Na utepe anafunga nani?" nikamuuliza.

"Utepe hufungwa."

"Hufungwa na nani, bwana?"

Alifikiri kidogo. "Mtu akionekana nao, inajulikana kwamba ameshafungwa. Wabebaji wanaangalia utepe, hawaangalii vidole. Ukianza kuulizia vidole, Kinu kitasimama."

Nami nimefanya kazi ofisini, na nimewahi kuona watu wazuri wakihamishwa kwa namna hiyohiyo.

Sasa Wakinyume. Ndani ya kila kikapu chao kuna ukili mfupi, nao umesukwa kinyume, mwisho wake umekaa mwanzoni. Wakishaingia huomba kona ya ua na kindu chache, na Wachembeni, ambao hawajui kumnyima mtu kona ya ua, huwapa. Hapo huusuka upya ukili wao ukae kwa mtindo wa Chembeni, kisha huupeleka ukumbini na kuushona ndani ya Mkeka. Kuanzia hapo karakana inausoma kama kili nyingine zote. Na ukili ule hausemi kitu kingine isipokuwa: tengenezeni vikapu, tengenezeni Wakinyume. Nilitembezwa mitaani nikaona mafundi waliokonda, kuta zilizoachwa nusu, majiko baridi, na karakana ikivuma mchana kutwa ikitengeneza vikapu vya wageni, ambavyo hubebwa kwenda kuingia nchi za jirani kwa mtindo uleule. Hakuna mtu aliyekuwa na hasira. Walidhani kazi zimekuwa nyingi.

Wasidhaniwe kuwa hawana ulinzi. Langoni wapo wafuma wavu wa matundu ya pembe sita, ambao kazi yao ni kuvifunika vikapu na kuvipasua kabla havijafika uani, na wanaifanya vizuri sana kwa vikapu vya mtindo wa kale. Hivi vipya vina ukingo wa aina nyingine, na wavu unateleza. Yupo mtunza ghala ambaye, panapokuwa hakuna kazi ya kusuka, huzificha kindu zote ili mgeni asipate hata moja ya kusukia. Huyu kila mtu anamtukana kwa ubahili. Na wapo wachovya, ambao kwa ajili yao nimeandika haya.

Ua wa wachovya ulikuwa na vyungu vya rangi vingi mno na watu wachache mno. Kwa kweli alikuwamo mmoja tu, mwanamke mfupi mwenye mikono ya buluu mpaka viwikoni, anatafuna karafuu na kukoroga chungu kwa mti. Jina lake Bi Mashavu. Hakuwa na muda mrefu tangu atoke karakana.

"Karibu, mwenzangu," alisema. "Usiguse hapo, utaondoka nayo mpaka kwenu."

Nilimuuliza wenzake wako wapi. Akaelekeza kidevu upande wa Kinu, akaendelea kukoroga.

Alinieleza kazi yao, nami nikamwelewa kwa sababu hakuwa na haraka. Mchovya hapigani na mtu. Mkinyume akishatengenezewa kikapu karakana na kujiandaa kuondoka, mchovya hujipenyeza kikapuni, akalala chini ya ukili. Anasafiri nao mpaka nchi ya jirani. Wakifika na kuanza kuusuka upya uani, naye hutoa mkono taratibu akachovya: penye ukindu mwekundu anaufanya wa buluu, hapa mmoja, pale mmoja, tena pale. Ukili unakamilika, kwa macho unapendeza, lakini ukisomwa unaamuru kitu kisichoweza kusimama. Mkinyume asiye na kichwa. Kikapu kisicho na kitako.

"Kwa hiyo nchi unayoiokoa si hii," nikasema.

"Si hii. Hapa wameshashona, na walichoshona hakifumuliki. Lakini wachovya wa jirani nao walikuwa wakija kwetu vikapuni, ndiyo maana miaka yote hiyo tulikaa salama tusijue kwa nini. Mimi namlinda wa kule, wa kule ananilinda mimi. Hatujawahi kuonana hata siku moja." Alicheka kidogo. "Ujirani wa ajabu, eti? Lakini ulikuwa unafanya kazi."

"Ukaharibikaje?"

"Alikuja Mpole."

Mpole nilikuwa nimeshamwona mjini. Ni Mkinyume aliyebaki, mrefu, mwenye sauti nyororo, na jina hilo wamempa kwa ajili ya salamu zake. Kila mchovya anayekutana naye humuulizia hali, humsifia kazi, kisha humpigapiga kidogo bega la kushoto. Watu walipenda sana jinsi alivyowaheshimu wachovya, kazi yao ilivyo chafu. Na kila aliyeheshimiwa hivyo alionekana jioni ana utepe wa manjano, wabebaji wakamchukua. Ilisemwa kwamba wachovya wa siku hizi wanachakaa upesi.

Nikamtazama Bi Mashavu bega la kushoto. Aproni yake ilikuwa tambarare, haina kitanzi.

"Mimi nilitoka karakana hivi," alisema. "Wanasema ukili wetu wachovya kule ukumbini siku hizi una ukindu mmoja umepishana. Mmoja tu. Mpole amenisalimia mara chungu nzima, anapapasa bega, anaondoka amenuna." Aliacha kukoroga. "Na sasa nimeitwa Barazani. Nimeshitakiwa kwa kuvaa vibaya."

Nilikasirika, na nilisema tangu mwanzo kwamba nitasema. Nchi inatafunwa kutoka ndani, mchovya amebaki mmoja, na Baraza linakaa kuzungumzia aproni.

Baraza lilikaa asubuhi iliyofuata chini ya uenyekiti wa Bi Kazija, mama mtu mzima mwenye miwani, mwenye kupenda mambo yaende kwa utaratibu. Mshitaki alikuwa Bwana Pandu, Msahihishaji Mkuu wa Mkeka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu huyu, lakini sikuweza. Alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa kazi, na ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama za mtoto kwa sababu ya kupita juu ya Mkeka kila siku ya maisha yake. Hakuna kosa lililomponyoka. Kindu mbili zikipishana anazihisi, anazirudisha kwa sindano yake ya mfupa, anaendelea.

"Simchukii mama huyu," alisema. "Lakini Mkeka tuliupokea mzima. Nikiacha kosa moja leo kwa kuwa dogo, kesho nitaacha kubwa kwa kuwa nimezoea. Naomba mambo mawili. Mama huyu aende kwenye Kinu, kwa kuwa ametoka bila kitanzi, na mimi niruhusiwe kuurudisha ukindu ule mahali pake, asitoke mwingine kama yeye."

Bi Mashavu aliulizwa ana la kusema.

"Nina kazi," alisema. "Vikapu vinaondoka juma lijalo. Nikienda kwenye Kinu, vitafika kwa jirani bila mtu ndani."

Mjumbe mmoja akasimama. "Hapo ndipo ninapotaka tupaangalie. Rangi ni yetu, vyungu ni vyetu, unga wa kumtengenezea mama huyu ni wetu. Faida iko kwa jirani. Hivi jirani ametuandikia hata barua ya shukrani?"

Wajumbe walinong'ona kwamba hoja hiyo ina uzito. Mwingine akauliza kama jirani hawezi kuwa na wachovya wake mwenyewe. Akajibiwa kwamba anao, ila kazi yao iko kwetu. Akasema basi hao ni wa kwetu. Wakabishana hapo muda mrefu, wachovya wa nani ni wa nani, na mimi nikapata usingizi kidogo. Nilipozinduka Bi Kazija alikuwa anatoa uamuzi: mashitaka yamethibiti, mshitakiwa afungwe utepe.

Nilimtazama Bi Mashavu. Karafuu ilikuwa bado shavuni, na aliacha kuitafuna. Shaame, aliyekuwa ameketi kando yangu, alitazama chini.

Kwa kuwa Barazani hakuna aliyewahi kufunga utepe kwa mkono wake, wakaulizana nani anajua. Mpole akasimama nyuma ya ukumbi akasema, kwa sauti ile nyororo, kwamba ingawa yeye ni mpitaji tu, angefurahi kusaidia. Wakamshukuru. Alikwenda mbele, utepe umezunguka kidole, akamwinamia Bi Mashavu akamuulizia hali, akapeleka mkono bega la kushoto.

Mkono ukapita patupu. Ukarudi. Ukaenda tena, vidole vikajikunja kushika kitu ambacho hakikuwapo. Aliujaribu utepe juu ya mshono, ukaanguka. Aliuokota. Akajaribu mara nyingine na ukaanguka tena, na sasa jasho lilimtoka.

"Mfunge bega la kulia," alisema Bi Kazija.

Katibu wa Baraza akakohoa. Alisema sheria inataka kitanzi cha bega la kushoto, na utepe uliofungwa penginepo unahesabiwa kuwa pambo.

"Basi ashonewe kitanzi."

"Inawezekana, mwenyekiti," alisema katibu. "Ila akishashonewa atakuwa amevaa sawasawa. Na aliyevaa sawasawa hana kosa la kumpeleka kwenye Kinu."

Bi Kazija alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nimesikia hukumu nyingi maishani mwangu lakini sijawahi kuona sheria ikijikwaa kwa miguu yake yenyewe kwa uzuri ule. Ili mama yule aadhibiwe, ilibidi kwanza asiwe amekosa. Nilishika mikono yangu isipige makofi.

Bwana Pandu ndiye hakuwa akiitazama sheria. Alikuwa akiutazama mkono wa Mpole.

"Mwenyekiti," alisema polepole, "naomba kumuuliza bwana huyu jambo moja. Mkono wako haukutafuta kitanzi. Ulikwenda wenyewe, macho yako yakiwa usoni kwa mama. Mimi ni mtu wa kazi za mikono. Mkono hauendi hivyo mpaka uwe umefanya kazi hiyo mara nyingi sana. Umewafunga wangapi?"

Mpole alitabasamu. Bi Kazija aligonga meza.

"Bwana Pandu, swali hilo halimo katika utaratibu. Utepe hufungwa."

"Najua, mama. Nami nimekuwa nikisema hivyo siku zote," alisema Bwana Pandu, akaketi.

Shauri la Bi Mashavu likapelekwa kwenye kamati, itakayotafuta namna ya kumfunga mtu asiyefungika. Ombi la pili, la kuurudisha ukindu, likakubaliwa bila mjadala, kwa sababu halikuwa na ugumu wowote.

Tukatoka nje. Nilimpa Bi Mashavu pole na hongera kwa pamoja, nisijue lipi litangulie.

"Mimi nimepona," alisema, "lakini mimi ni mmoja. Kikapu kimoja, nchi moja. Ukindu ukirudishwa, watakaonifuata watatoka na vitanzi vyao, na yule bwana atawasalimia wote." Macho yake yalilengwa na machozi, akayapangusa kwa kiwiko, akabaki na mstari wa buluu shavuni. "Nataka nikamwombe."

Tukamfuata Bwana Pandu ukumbini, mimi, Bi Mashavu na Shaame. Tulimkuta amepiga magoti katikati ya Mkeka, sindano ya mfupa mkononi. Hakugeuka.

"Ni huu hapa," alisema. Akauonyesha. Nisingeuona peke yangu hata ningetazama mwaka mzima. Ukindu mmoja mwekundu umepita juu ya mweupe pale ulipotakiwa kupita chini.

Bi Mashavu aliketi pembeni yake juu ya sakafu. Nilidhani ataanza kuomba, lakini alikaa tu, mikono yake ya buluu mapajani, mtu anayeangalia mahali alikotoka. Kisha akasema, "Bwana Pandu, mimi sijui Mkeka. Wewe ndiye unayeujua. Nakuomba tu uniambie kwa kinywa chako kwamba unaurudisha kwa sababu ni vizuri, siyo kwa sababu ulizoea."

Bwana Pandu alinyoosha mkono akapitisha kidole kwenye ukili mwingine, mbele kidogo, ulioshonwa kwa mshono mzuri kupita mishono yote niliyoiona pale.

"Huu ni wa Wakinyume," alisema. "Walipoushona nilikuja kuukagua. Niliupitia mwanzo mpaka mwisho nisione kosa hata moja, nikausifu. Nilimwambia mwanafunzi wangu, tazama, hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kuwa." Aliondoa kidole. "Nimewaacha hawa wakae kwa sababu hawakukosea."

Akasogea tena, kwenye kona ambako rangi zilikuwa zimepauka, kili nyingi, eneo kubwa kuliko nilivyotarajia. Akasema hizo nazo zilishonwa na Wakinyume, ila wa zamani za mababu, na kwamba wakati huo nao pia ilidhaniwa nchi imekwisha. Sasa hakuna karakana inayozisoma. Nikamuuliza mababu waliwashindaje. Alisema Mkeka hauelezi, lakini ukitazama kwa makini kili za walinzi zilizo jirani na kona ile, utaona kindu kadhaa zilizopishana, ambazo wasahihishaji waliotangulia walizikuta na hawakuzigusa. "Nilikuwa nadhani walikuwa wazembe," alisema.

Alirudi kwenye ukindu wa Bi Mashavu. Aliweka ncha ya sindano chini yake. Shaame alishika mkono wangu, na mimi nikauacha ushikwe.

Kisha aliichomoa sindano, akaifuta kwa shati, akaichomeka kwenye kilemba chake.

"Leo mikono yangu inatetemeka," alisema. "Kazi ya namna hii haitaki mkono unaotetemeka. Nitaurudisha kesho."

Bi Mashavu alimtazama. "Na kesho?"

"Kesho nitaangalia mikono yangu. Nikiona bado, nitaiambia kamati kwamba kesho. Hawana neno na kesho, ndiyo wanayoitumia wao." Akainuka kwa kusaidiwa, magoti yakilia. "Ila utaratibu utafuatwa. Kila asubuhi nitakuja na sindano yangu."

Nilikaa Chembeni siku kadhaa baada ya hapo, na kila asubuhi nilimwona akiingia ukumbini na sindano yake, na kila asubuhi akitoka na kumwambia tarishi wa kamati neno lilelile. Wakati huo karakana iliendelea kusoma, na kutoka ukili ule walitoka wachovya wengine, mabega tambarare. Ua ukaanza kuwa na kelele. Mpole alipita akiwasalimia wote, mmoja baada ya mwingine, na jioni alirudi na tepe zake zote mkononi.

Siku ya vikapu kuondoka niliaga. Bi Mashavu alikuwa amekwisha kujificha, sikumwona, na hilo lilinisikitisha kwa sababu nilitaka kumshika mkono hata kama ungenitia rangi. Shaame alinisindikiza mpaka langoni. Wakinyume walikuwa wanatoka, nyuso mbele safari hii, vikapu vichwani, naye akawapungia.

"Haya, nendeni salama," aliwaambia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amewaaga watu wanaotoka. Kisha akanigeukia. "Nawe, mama. Ukirudi, uje na mkoba wenye mfuko mmoja."

Niliwafuata mpaka nchi ya pili, kwa kuwa njia yangu ilipita huko. Karibu na lango waligeuka, wakaanza kuingia kinyumenyume. Mlinzi wa kule, kijana mwenye kofia kama ya Shaame, aliacha kunihoji akawainulia mkono. Nilikasirika tena. Nilifungua kinywa nimwambie kwamba hawa hawatoki, wanaingia, tazama miguu yao.

Wakati huo kikapu kimoja kilipita mbele ya uso wangu. Kifuniko kilikuwa kimeinuka kidogo, na kwenye ukingo wake palikuwa na vidole vitatu vya buluu, vinashikilia. Nikatazama cha nyuma yake. Namo mlikuwa na vidole vya buluu. Na cha nyuma ya hicho. Nikasikia harufu ya karafuu.

"Nendeni salama," mlinzi aliwaambia.

Nikafunga kinywa, nikainua mkono, nami nikawapungia.